Ndege ya Njiti za Kiberiti

Jumatatu, 3 Juni

Mkutubi amebandika tangazo. Kabati la kioo lililo mkabala na mlango wa maktaba litawekwa kitu kimoja, kimoja tu, kilichotengenezwa kwa mikono na mkazi wa mtaa huu. Kitakaa humo mwaka mzima. Mwisho wa kupeleka ni Jumamosi saa sita mchana.

Nimelisoma mara tatu. Mara ya nne nikahisi mtu ananipumulia shingoni. Fundi saa! Namwita Jicho Moja, kwa sababu ile lenzi yake ameibana jichoni hata akienda sokoni. Akanisalimia, akasema mzee mwenzangu, naona sote tuna ndege. Akatabasamu. Mtu mwenye nia njema hatabasamu vile.

Kabati hilo ni letu. Mke wangu alifanya kazi maktaba miaka ishirini na sita, akishona na kugundisha vitabu vilivyochanika. Kabati lilikuwa tupu miaka yote hiyo. Kila alipolipita alisema ipo siku ndege yetu itakaa humo. Ni ndege ya zamani, ya enzi ambazo rubani alikaa kichwa nje akila upepo. Urefu wake ni kiganja changu. Yote ni njiti za kiberiti, maana nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha viberiti, na kila njiti tuliipasua mara nne kwa wembe. Hatukuivika karatasi. Mke wangu alikataa. Alisema tukishaivisha nguo, nani atajua kuwa ndani kuna mbavu?

Kiwiliwili tulikimaliza pamoja. Bawa la kushoto alilimaliza yeye, wiki moja kabla ya kulazwa. La kulia halipo. Tangu tumzike, miezi saba sasa, ndege imelala kwenye kopo la biskuti, ina bawa moja.

Nimeamua. Jumamosi itaingia kabatini na mabawa mawili. Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, anakaa nyumba ya pili. Amesema niamue na kula pia. Nimekula nimesimama. Sina muda!

Jumanne, 4 Juni

Sijagusa njiti. Kwanza mjue adui.

Nimetungua saa ya ukutani, saa nzima isiyo na kosa, nikaipeleka kwa Jicho Moja. Nikamwambia inachelewa. Shabaha ilikuwa kuchungulia ndege yake akiwa ameinama. Akaifungua, akaisikiliza kama daktari, akasema saa hii ina afya kuliko sisi wawili. Nikamwomba aisikilize tena. Akaisikiliza. Mimi nikanyoosha shingo. Ndege ipo rafuni, imefunikwa kitambaa! Nikanyoosha zaidi. Kiti kikateleza. Nikaangukia saa za mezani, na zote zikalia kwa pamoja.

Akaninyanyua. Akauliza kama nimeumia. Akanipa maji. Mjanja sana yule.

Nimemwachia saa ili nipate sababu ya kurudi. Matokeo yake nyumbani sasa hakuna saa, na gundi inataka kushikiliwa dakika nzima. Zamani alishikilia mke wangu, kwa kucha zake, akihesabu kwa sauti hadi sitini. Akifika arobaini aliruka hadi hamsini, akidhani sisikii. Nilisikia. Sikuwahi kumwambia.

Jumatano, 5 Juni

Nimefunga kibwebwe tangu asubuhi. Nimetandaza mchoro mezani, ule ule aliotumia yeye, nikaubana kwa pini. Kila njiti inalala juu ya mstari wake na kugundishwa hapo hapo. Mbavu kumi na tatu, kila mmoja mwembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, chini bapa, juu zimebinuka kidogo ili upepo upite.

Kwenye ubavu wa nane nikapiga chafya. Mbavu tatu zikatoweka duniani. Wa kwanza nimeupata kwenye chai. Wa pili ulikuwa kwenye nyusi zangu, shemeji ndiye aliyeuona. Wa tatu bado unatafutwa.

Jioni, jua likishuka, bawa limekwisha! Nimeliacha likauke pale pale. Sitaligusa mpaka kesho.

Kwa kuwa mikono ilikuwa huru, nimemwandikia mkutubi barua ya siri. Nimejiita raia mwema. Nimeshauri kabatini kisiwekwe kitu chenye mafuta, hasa mashine, kwani mafuta hudhuru vitabu. Ndege ya Jicho Moja nasikia ina injini inayozunguka. Na injini haizunguki kwa maji. Sikutia sahihi. Hata mwandiko nimeubadili, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nikaisukuma chini ya mlango wa maktaba, nikaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekuwa akienda kwingine.

Alhamisi, 6 Juni

Mkutubi ameniita nikipita. Akanishukuru kwa barua. Nikauliza barua gani? Akasema kwa upole kwamba karatasi ina muhuri wa stoo ya kiwanda cha viberiti. Nikajibu tuliofanya kazi pale tuko wengi. Akasema kweli kabisa, baba, ila mmoja tu ndiye aliyejikwaa kizingitini jana akaacha kofia. Akanipa kofia yangu. Nikaipokea. Nikashukuru kwa niaba ya mwenyewe.

Hilo si kitu. Yaliyonikuta nyumbani ndiyo makubwa.

Nimefungua kopo. Nimelileta bawa langu upande wa kulia wa ndege. Halikukaa. Nikaligeuza mbele nyuma. Ukingo mnene, ule unaopasua upepo, ukaangalia mkiani. Nikaligeuza juu chini. Tumbo likaangalia mbinguni. Nikaligeuza tena. Nikajigeuza na mimi, nikazunguka upande wa pili wa meza. Wapi!

Nimetengeneza bawa la kushoto. La pili! Mchoraji wa ule mchoro alifanya ubahili wa karatasi, akachora bawa moja tu, la kushoto, akaandika pembeni kwamba la kulia ni kinyume chake. Maneno hayo nimeyaona miaka yote. Nilidhani ni anwani ya mchapishaji.

Shemeji akaingia na sahani, akatazama, akaelewa kabla sijasema. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Shemeji, akasema, hii haitaruka, hii itazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta mkia wake! Akafuta macho. Akasema dada angecheka kuliko yeye. Akafuta macho tena, na safari hii hakuwa akicheka. Nikampa leso. Tukakaa, yeye sakafuni, mimi kitini.

Baadaye akashauri tuipeleke na bawa moja, tuseme la pili lilivunjika vitani. Nimefikiri sana. Nimekataa. Kila mtu angeangalia upande usio na kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Kinyume chake. Haya, kinyume kinapatikanaje?

Mpango wa kwanza: kuchora upya nyuma ya karatasi. Karatasi ni nene, mistari haionekani. Mpango wa pili: kubandika mchoro dirishani, jua lipenye. Jua limegoma kutoka. Mpango wa tatu, na huu niliuamini: kufanya kazi nikiangalia kwenye kioo cha meza ya mke wangu. Kila nilipotaka mkono uende kulia, ulikwenda kushoto. Ubavu mmoja sikuufikisha mahali pake. Nilichofanikiwa kugundisha ni mkono wa shati langu, kwenye meza.

Nikiwa nimenasa hivyo, hodi! Jicho Moja. Ameileta saa mwenyewe, kwa miguu. Sikuweza kuinuka kuficha chochote.

Akaona. Mabawa mawili ya kushoto, mchana kweupe. Nikasubiri kicheko. Akaweka saa chini, akaomba mafuta ya kupikia. Nikajiuliza huyu amekuja kukaanga nini? Akachovya pamba, akaupaka mchoro taratibu, kutoka kona hadi kona. Karatasi ikawa kama kioo! Akaigeuza, akaibana upya kwa pini. Mistari yote ikaonekana kwa nyuma, maandishi yamekaa kinyumenyume, na bawa limeelekea kulia.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasita. Akasema kwa mke wangu. Miaka tisa iliyopita marehemu alikwenda dukani kwake kubadilisha mkanda wa saa, akamkuta fundi amekaa na mabawa mawili ya kushoto mkononi, bado kidogo alie. Akamwonyesha. Akamwambia asijali, hata nyumbani kwake mchoro huwa anaugeuza yeye, mume wake akiwa jikoni anachemsha chai, kwa sababu mume wake akielekezwa husema anajua.

Kwa hiyo ndiyo maana michoro yote ya ndege tulizounda zamani tukazigawa ina mafuta. Nilikuwa nikimlaumu kwa kula juu ya kazi. Naye alikuwa ananiomba radhi, mara zote.

Jicho Moja akaukata mkono wa shati langu kwa mkasi, akanifungua. Kisha akashika kibano chake. Mimi nikapaka gundi, yeye akashikilia. Anahesabu hadi sitini bila kuruka hata namba moja, kama saa zake. Saa kumi bawa la kulia lilikuwa tayari, na safari hii la kulia kweli.

Nikamuuliza kuhusu ndege yake. Akasema injini imekataa kuzunguka. Nimetambua mara moja kwamba huo ni mtego.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeibeba kwenye sinia. Shemeji akatangulia akipiga kelele watu wapishe, kama tumebeba supu ya moto. Mtu mmoja kweli akaomba kijiko.

Maktabani, Jicho Moja amefika zamani. Na ile injini iliyokataa inazunguka! Inazunguka kwa mlio mdogo kama wa nyuki. Watu wote midomo wazi. Na mimi pia. Ni nzuri. Nimeandika, yamekwisha.

Mkutubi aliangalia yake, akaangalia yetu, akarudi kwa yake. Moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kuliko ile injini. Kisha akainama kwenye yetu na hakuinuka upesi. Alikuwa ameganda kwenye bawa la kushoto. Akasema mkono huu anaujua. Hivi hivi ndivyo mke wangu alivyogundisha migongo ya vitabu: tone dogo, hakuna kinachofurika. Marehemu ndiye aliyemfundisha yeye kazi. Akasema hahitaji kuangalia tena.

Akasoma kikaratasi changu: "Kazi ya mke na mume." Akauliza kama ni hao tu. Jicho Moja alikuwa akitazama dari. Nikafungua kinywa kusema ndio. Kinywa kikasema bawa la kulia lilishikiliwa na fundi saa. Sijui kilitumwa na nani. Mkutubi akaongeza kwa kalamu.

Imeingia! Kufuli likalia. Shemeji akashangilia mpaka akaonyeshwa ile alama ya "Kimya". Jicho Moja akanipa mkono, akasema kesho atakuja kuionja hiyo chai aliyosimuliwa.

Nimerudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka. Nimekaa. Meza ni pana. Sikumbuki kama ilikuwa pana hivi. Miezi yote hii nimekuwa nikifungua kopo kila asubuhi, naliangalia lile bawa lake, nalisabahi, nafunga kopo. Sasa limefungiwa kule mwaka mzima! Nimepanga wiki nzima, nimepanga mpaka barua, na jambo hili moja halikunijia.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nimeamua. Ndege ya pili! Ya kukaa hapa nyumbani. Itakuwa sawa na ile, ubavu kwa ubavu, na iwe tayari mwisho wa mwezi. Tena nusu ya kazi imeshafanyika: lile bawa langu la kushoto la ziada lipo, zima. Kumbe halikuwa kosa. Lilikuwa akiba. Linabaki bawa la kulia, kiwiliwili, mkia, magurudumu na usukani. Kidogo tu.

Asubuhi nimekwenda hadi maktaba. Imefungwa, lakini kabati linaonekana kupitia dirishani. Nimelisabahi lile bawa kutoka barabarani. Mama mmoja akadhani namsalimia yeye, akaitikia. Si vibaya.

Jicho Moja amefika kwa ajili ya chai. Akaona njiti, akavua koti, akataka kunitandazia mchoro. Nikamwambia asante, mambo ya mabawa sasa nayajua. Akauliza kama nina hakika. Swali gani hilo? Nikamwelekeza jikoni, akachemshe chai mwenyewe, majani yako kwenye mkebe wa bluu.

Ni kweli nayajua. Nimeona hata kasoro aliyoiacha. Mchoro ulikuwa bado umebanwa pale mezani tangu Ijumaa, na maandishi yote kinyumenyume! Macho yanauma, kichwa kinauma. Mtu aliyekwenda shule hawezi kufanya kazi hivyo. Nimechomoa pini, nimeigeuza karatasi vizuri, na sasa kila neno linasomeka safi.

Mbavu saba tayari. Nyoofu kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Kazi inakwenda yenyewe.

Jicho Moja anapaza sauti kutoka jikoni, anauliza kama nimekumbuka kugeuza mchoro. Nimemjibu kwa furaha kabisa kwamba nimeshageuza.