Hewa ya Muhuru Bay

"Kamati ya Sori yamsimamisha kipa kwa kuuza mechi!" Jamaa tunayemwita Bundesliga alisoma kwenye simu kwa sauti kubwa, na kipa mwenyewe yuko papo hapo kwa Bashir muuza kahawa, kikombe mkononi. Huyu ni Zablon. Hadi Jumapili tulimwita Ukuta. Tangu lile bao tulilofungwa na Muhuru Bay anaitwa Dirisha.

"Sijauza kitu, yawa! Mpira ulikuwa unaenda nje, halafu ukakata kona!"

"Kwani mpira ni boda?" Bundesliga akamcheka. Danadana tatu hajawahi kumaliza, ila mechi za Ulaya kwa video hakosi. "Kona inakatwa na mtu ako na usukani, buda."

"Kama si pesa ni uchawi," akasema mwenyekiti wa timu, tunayemwita Jakom. "Na uchawi tuliuzuia. Si niliwaingiza wote uwanjani kwa shimo la ua, kinyumenyume, geti lenye dawa tukawaachia wajinga? So imebaki pesa."

Hiyo ndiyo akili inayoongoza timu ya Sori. Inaudhi.

Madam Phanice, mwalimu wa gredi ya tatu, alikuwa akingoja kahawa yake. Uvumilivu ukamwisha.

"Jakom, hii nafundisha watoto wa miaka nane. Ukipiga mpira kwa ubavu, unazunguka. Ukizunguka, unasukuma hewa huku, na hewa nayo inausukuma mpira kule. Wewe ukiwa kwa boti usukume ufuo kwa mti, boti si inaenda ziwani?"

"Inaenda."

"Basi. Hakuna mchawi, hakuna hongo. Ni hewa."

Bashir akaacha kumimina. Zablon alimtazama Madam nusura alie kwa furaha. Jumamosi tunacheza na Rongo, na kipa huyu asiporudishwa golini hana pengine pa kujiweka.

"Hewa," Jakom akarudia, akikuna kidevu. "Hiyo nimeshika. Na Jumapili upepo ulitoka wapi?"

"Ziwani," akajibu Bundesliga. "Upande wa Muhuru."

"Mnaona sasa? Walituma hewa!" Jakom akapiga meza, kahawa ikaruka. "Na wewe Zablon! Dakika tisini umesimama golini na hewa ya watu, unaivuta, unaitoa, na hutuambii?"

Madam aliondoka bila kahawa. Sikumlaumu.

Zablon akafungua begi, akatoa glavu, akamwekea Jakom mapajani.

"Jumamosi mdake nyinyi, omera. Nyinyi wenye mnajua hewa."

Akaenda zake. Jakom akamgeukia Bundesliga. Bundesliga akakumbuka ameacha samaki wake wa omena juani. Jakom naye akaweka simu sikioni, "Haloo? Haloo?", ingawa sote hatukusikia ikiita, akazisukuma glavu kwangu akitokomea.

"Wewe je?" Bashir akaniuliza.

Nilimwambia nina goti. Lilianza kuuma dakika hiyo hiyo.