Mlango wa Bafu la Wapanda Baiskeli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Tendaji ya Usafi na Mwonekano. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ametuma udhuru. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo vilivyo ndani ya idara, na wanaokaimu ukuu wa vitengo ambavyo bado havijaundwa. Fundi uliyetuletea mlango. Wafanyakazi wenzangu mliosimama juani kwa hiari yenu baada ya kuambiwa atakayekosekana ataandikwa. Wapanda baiskeli, na ninyi mnaoomba lifti: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anakohoa.)

Nasimama mbele ya mlango huu wa buluu, wenye utepe mwekundu na kibao kisemacho "Bafu na Chumba cha Kubadilishia Nguo, Wapanda Baiskeli Tu," nikiwa na furaha isiyo kifani. Kwa muda mrefu wafanyakazi wetu wamekuwa wakiingia kazini shati limeganda mgongoni, poda imechora mito shingoni, na wengine wakijifutia chooni kwa karatasi ambazo hubaki usoni vipande vipande hadi mchana. Nimeyashuhudia haya mimi mwenyewe. Mhasibu wetu alinisomea taarifa nzima ya robo mwaka huku kipande cha karatasi kikimning'inia kwenye nyusi, na sikumkatiza, kwa sababu taarifa ilikuwa inanisifu. (Kicheko. Mhasibu anajipapasa nyusi.)

Ofisi yangu haikulala. Tulifanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, tukafuatia na semina ya kapasiti bildingi ya siku kadhaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili wataalamu wetu wapate uzoefu wa moja kwa moja wa kuwa karibu na maji, na huko ikabainika kitaalamu kwamba asilimia tisini na saba ya jasho la mfanyakazi hutoka akiwa juu ya baiskeli, na asilimia iliyobaki hutoka anapoulizwa kwa nini amechelewa. (Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Mzee, na maji yapo?") Suala la maji, ndugu yangu, ni suala mtambuka, na masuala mtambuka hayajibiwi kwa kukurupuka.

Wapo wanaobeza. Wapo wanaopita koridoni wakinong'ona kwamba mradi huu ni maneno matupu. Hao nawaomba wanitazame mimi. Leo asubuhi, ili kuonyesha uongozi kwa vitendo, gari lilinishusha pale kona ya kituo cha mafuta, nikapanda baiskeli, nikaja peke yangu kabisa, gari likitangulia kunikatia upepo na msaidizi wangu akinisukuma palipo na mwinuko. Nilipofika getini nilikuwa nimelowa chapachapa, tai imelegea, natweta, na mlinzi akaniuliza natafuta kazi ya aina gani. (Kicheko kinachozimwa haraka.) Lakini sasa je? Nimekauka! Nanukia sabuni! Kola imesimama! Ushahidi gani mwingine mnautaka? Mradi unafanya kazi, na kielelezo chake ndiye anayewahutubia. (Makofi ya wakuu wa vitengo.)

Na kwa kuwa visingizio vimekwisha, natangaza kanuni mpya, inayoanza kutumika leo hii asubuhi: mfanyakazi yeyote wa mbele, anayepokea wageni, atakayeonekana mezani pake na jasho, atahamishiwa stoo, ambako hakuna mgeni wa kumwona. (Dada wa mapokezi, gauni limemganda mgongoni, ananyoosha mkono: "Samahani, Mheshimiwa. Stoo wanatoka saa moja usiku. Mwanangu anatoka shule saa kumi, nampakia kwenye keria ndipo tunarudi. Sina mtu mwingine. Nani atamchukua?")

Dada yangu, ondoa hofu. Kanuni hii haimgusi mtu msafi. Wewe oga, kaa mezani pako, saa kumi kamchukue mtoto. Nani atakusumbua? ("Nioge wapi, Mheshimiwa?") Swali zuri sana. Nimelipokea, na litajibiwa kwa maandishi. (Miguno. Mlinzi anatazama viatu vyake.)

Sasa nikisema "Baiskeli," nyie semeni "Bila jasho!" Baiskeli! ("Bila jasho," wanajibu wachache.) Sijawasikia! Baiskeli! ("Bila jasho!") Kazini! (Hakuna aliyeambiwa jibu la hilo.) Ahsanteni. Nakata utepe. (Anakata. Anashika kitasa, anavuta, mlango haufunguki. Anapigwa picha ameshika kitasa.)

Mwisho kabisa, shukrani. Namshukuru fundi, aliyepigilia mlango huu jana jioni kwa ustadi mkubwa, kwani kama mnavyojua nyuma yake ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni ofisi ya mhasibu, tunayemwomba radhi kwa kelele za nyundo. Bafu lenyewe litaingia kwenye mpango mara tu itakapopatikana sehemu ya kuliweka.

Namshukuru kwa namna ya pekee dada wa mapokezi. Huyu aliponiona pale getini hakuuliza mara mbili. Alinipeleka nyuma ya jenereta, akanipa dumu la maji ya kuogea analokuja nalo kila asubuhi limefungwa kwenye usukani, akanipa sabuni yake na taulo lake, kisha akasimama kuziba njia watu wasipite. Maji niliyamaliza yote, maana nina mwili mkubwa, na ndiyo sababu mnamwona vile alivyo. Ofisi yangu inampongeza kwa moyo huo. Na kwa kuwa kanuni haina upendeleo, na ameonekana mezani amelowa tangu asubuhi, yeye ndiye atakayeifungulia njia kanuni yetu kwa kuhamia stoo leo. Apigiwe makofi. (Hakuna anayepiga. Dada wa mapokezi: "Basi naomba taulo langu, Mheshimiwa.")

Taulo limeshatangulia kwenye gari. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza.