Samaki Asiyekula na Sifuri ya Libérate

Jumatatu, 5 Juni 2023

Daktari amesikiliza moyo wangu, kisha akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Amesema nipange mambo yangu. Nimepanga. Redio kwa mjukuu wangu Délice, ninayeishi naye hapa Nyamianda. Viatu kwa mpwa wangu anayekaa mtaa wa Songo. Zimebaki dhambi. Ndogo ni nyingi, za kawaida. Kubwa ni moja.

Niiandike. Mwaka 1981 nilifundisha biolojia. Niliuliza samaki huwaleaje watoto wake. Libérate, binti wa wakulima wa mpunga, aliandika kwamba samaki wa madimbwi ya mto Ruzizi huwaficha mdomoni. Nilisoma jibu lake mbele ya darasa zima. Tulicheka sana. Sifuri juu ya kumi! Kitabu changu kilitoka Ulaya, na humo samaki huyo hakuwemo. Mwisho wa mwaka Libérate alikosa pointi nne za kupita. Akaacha shule.

Inanipasa kumwomba msamaha kabla sijafa. Mimi, mwalimu! Kwa mwanafunzi!

Lakini usingizi uliponikataa nimewaza: na kama nilikuwa sahihi? Basi hakuna dhambi. Mpango: akwariamu. Dimbwi dogo la kioo chumbani kwangu, lililo sawasawa na la Ruzizi, ili samaki ajione yuko kwao. Nitamtazama mpaka ithibitike kwamba hafichi kitu.

Jumatano, 7 Juni

Délice ni muuguzi. Amenikataza kutoka, isipokuwa kwenda kanisani. Nimemwambia ninakwenda kuungama. Akafurahi, akanipa nauli ya pikipiki. (Uongo. Nimeuandika nyuma ya daftari pamoja na dhambi nyingine.)

Nimekaa juu ya ndoo kando ya dimbwi saa mbili nzima. Nimechora matete, yungiyungi, konokono wanne juu ya jani moja, na mdiria aliyekosa samaki mara tatu, kisha akajifanya hana njaa. Miaka thelathini na minane nimefundisha viumbe wa maji, sikuwahi kuja hapa. Hilo silihesabu kuwa dhambi. Shule haikuwa na gari.

Balaa: shamba la Libérate liko pale pale! Nikajificha kwenye matete. Akapaza sauti: "Mwalimu! Toka huko, iko njia ya kiboko!" Nilitoka kwa kasi ambayo daktari hakuiruhusu.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda kuungama tena. Yaani mtaa wa Kimanga, kwa Halidi muuza vitenge. Ana akwariamu kubwa dukani, samaki wa ziwa wa rangi zote na kasri la plastiki. Kasri! Ndani ya ziwa Tanganyika! Nilimwomba sanduku lake la zamani la kioo. Akauliza nitaweka nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema hata samaki wake huwabeba watoto mdomoni, kila mtu ufukweni anajua. Nikamjibu kwamba muuza vitenge si mwanasayansi. Kioo alinipa hata hivyo. Mtu wa kuudhi sana.

Kutoka hapo, madimbwini. Samaki wote walinikimbia. Libérate aliingia majini hadi magotini, akateka kwa kikapu, akanipa mmoja wa kijivu. Hakuuliza ni wa nini. Alisema tu nimwangalie vizuri, ni mama. Nilifungua kinywa nimwambie lile neno. Nikamwambia jua ni kali.

Jumanne, 13 Juni

Kosa la kisayansi. Niliona madimbwi yaliyojaa uhai zaidi ni yale ya viboko, nikaamua siri ni mavi yao. Nilileta mfuko mmoja. Maji yamekuwa kama kahawa, samaki haonekani, jirani ameuliza kama tuna msiba. Délice amebadilisha maji akiwa amejifunga kitambaa puani. Ameuliza suruali yangu imepataje tope kanisani. Nimemwambia nimepiga magoti muda mrefu.

Tatizo jingine: samaki hali. Nimempa wali, ugali, unga wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Anageuza uso. Kidevu kimevimba. Délice anasema kama angekuwa mtoto, angesema ni matubwitubwi. Nimeandika: ugonjwa wa koo. Hakuna sababu ya kuandika kingine.

Jumapili, 18 Juni

Siku mbaya. Baada ya Misa Délice alimshukuru Padri Protais kwa kunipokea mara nne kwa wiki mbili. Padri akasema hajaniona tangu Pasaka.

Wamekuja wote wawili, wakasimama mbele ya kitanda. Nimeungama kila kitu: kiboko, nauli, sifuri. Padri alikuwa akiuma mdomo wa chini, nadhani kwa uchungu. Amesema hatanipa kitubio kingine chochote: nimwite Libérate. Nikasema nangoja matokeo ya utafiti. Délice akasema, "Babu, weye uko na kichwa nguvu hata mu kitanda cha kufia!"

Samaki bado hali. Siku ya nane.

Alhamisi, 22 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimekaribia kioo, pua inagusa. Akafungua kinywa.

Wakatoka. Wadogo kama punje za mtama, wenye macho. Nimehesabu thelathini na mmoja. Nikasogea, kivuli changu kikawaangukia, na wote wakarudi mdomoni mwake mbio, kama watoto wa shule waliosikia kengele.

Nimelia kidogo. Moshi wa jikoni.

Nimemwambia Délice amwite Libérate.

Ijumaa, 23 Juni

Amekuja na mchele kilo tano. Nimesema nikiwa nimesimama, nimeshika ukuta: Libérate, ulikuwa sahihi, mimi nilikuwa mjinga, unisamehe. Akatazama kioo muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema amenisamehe zamani, lakini miaka arobaini na miwili amekuwa akiwaambia watoto wake habari ya sifuri ile. Akanyoosha kiganja: "Mwalimu, basi unipe pointi zangu."

Nimechukua kalamu nyekundu. Nimempa tisa juu ya kumi. Hakuwa amechora mchoro.

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuelewa kwa nini. Mchoro ulitakiwa.

Halidi naye alikuja, kutazama bila kualikwa. Ati ziwani kuna samaki mwingine anayehamia ndani ya kombe tupu la konokono, analala humo, anazaa humo. Nyumba ya kupanga! Kitabuni hakuna kitu kama hicho. Nimempa sifuri mbele ya watu wote.

Kesho asubuhi nakwenda ziwani na ndoo. Délice nimemwambia ninakwenda kuungama.