Ndoo Arobaini za Grubana

Sogeeni, enyi wana wa Waserbi, lazeni miundu yenu, mnyamazishe mbwa! Nasimulia vita vya kisimani, alivyopigana Grubana, Mshika-Kamba, Simba-jike Anyonyeshaye, siku ile sheria ya kanisa la Wagiriki, iliyokwisha kuwapigisha magoti wafalme, ilipopanda kijijini kwetu mlimani juu ya punda wa Padri Bratoje.

Asubuhi ile mwana wa Grubana alikuwa abatizwe. Adhuhuri padri angeondoka, asirudi mpaka theluji iyeyuke; na kitoto kilikuwa kinakohoa. Basi kikafunuliwa kisima chetu cha pekee, na lo! Panya mfu anaelea, tumbo juu, kama sultani hamamuni.

“Mtoe kwa mkia, tuendelee,” alisema Mama Desa, mkwewe Grubana. “Wazee wetu walikunywa hivyo hivyo, wakazaa kumi na wawili.”

“Hasha, mama!” Padri akafunua kitabu kipya, kilichofasiriwa kutoka Kigiriki. “Sheria imenena: panya akifia kisimani, zitekwe ndoo arobaini, zimwagwe, kisha isomwe sala.”

“Na huyo Mgiriki wako, atakuja kuvuta kamba?”

Grubana alimpa mkwewe mtoto, akakunja mikono ya gauni, akaingia vitani. Ndoo ya kumi ilimtwanga goti. Ya ishirini ilimrowesha gauni toka kifuani hadi kwenye pindo. Ya thelathini na tisa ilipanda na tope, na chura mwenye hasira.

“Na chura je?” akauliza Mama Desa.

“Chura hayumo kitabuni. Imebaki moja, mwanangu.”

“Baba, kisima kimekauka! Niteke mawe?”

“Sikukiandika mimi,” padri alinong’ona, akilitazama jua kwa huzuni.

Hapo Grubana akalishika pindo la gauni lake, akalikamua ndooni kwa nguvu za majeshi mawili. “Haya, Baba. Maji haya yametoka kisimani, au ni machozi yangu?”

Padri akapekua kurasa, mbele, nyuma, mbele tena. “Ukubwa wa ndoo… haukutajwa.”

“Arobaini!” kijiji kikanguruma.

Sala ikasomwa. Chemchemi ya kisima ikatiririka kidogo kidogo, kata kwa kata, hata jua lilipofika utosini beseni la ubatizo likajaa. Mtoto akazamishwa mara tatu, akapewa jina Dabizhiv, maana yake Na Aishi, akapiga ukelele ambao haujapigwa na jemadari yeyote.

Basi wanaoandika habari za falme na waandike na hili: sheria ya Wagiriki iliingia kwetu siku ya Jumamosi, ikatimizwa yote kabla ya chakula cha mchana, na Dabizhiv akanyonya, akalala.