Klabu Ifungwe, Historia Iandikwe

Umma wa Malindi na viunga vyake unaarifiwa kwamba Klabu ya Raga ya Muyeye imeteuliwa rasmi kuwa na historia. Si kila klabu hupata heshima hiyo. Zipo timu hapa mjini zilizocheza miaka na miaka, zina makombe na mashabiki tele, lakini historia hazina, kwa kuwa hazijaidhinishiwa.

Mwenye kuidhinisha ni Idara ya Historia Zilizokamilika. Mimi ni Naibu Afisa Mwandamizi wake. Juu yangu yuko Mheshimiwa Mkurugenzi Eugene Kavumbi. Chini yangu hayuko mtu, ila kuna zulia.

Kazi niliianza kwa kumhoji mwanzilishi, Mzee Mwambire, mwashi mstaafu mzaliwa wa Kaloleni. Nilimkuta kando ya uwanja wa Muyeye, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akiwatazama vijana wakisukumana.

"Shikamoo, mzee. Raga ilianzaje hapa?"

"Marahaba. Ilianza kwa makosa," akasema. "Nilikuwa najenga ukuta kwenye hoteli. Mgeni akaondoka, akaacha mpira chumbani. Meneja akautazama, akasema huu umebanwa na mlango, tupa. Nikauchukua. Tukaupiga hapa tangu asubuhi, na kila ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe. Jioni tukaona afadhali tuushike kwa mikono."

"Na sheria za mchezo?"

"Hizo zilikuja baadaye, mwanangu. Mwanzo tulikuwa tunakamatana tu."

Nilimhoji pia mkufunzi, Mueni, mwanamke wa Machakos auzaye mitumba pale Muyeye. Sauti yake husikika hadi mtaa wa Shella hata upepo ukiwa wa kinyume. Nilimwuliza klabu imemfaa nini.

"Nilipofika Malindi sikuwa namjua mtu," akasema. "Mvua zikaja, maji yakaingia nyumbani mpaka kitandani. Niliowaona mlangoni ni hawa vijana wa klabu. Tevin alibeba friji peke yake, na ndani mlikuwa na chakula. Mzee Mwambire alikuja na goti lake bovu akabeba mtoto. Sijui wewe unaliitaje jambo hilo kwa lugha ya ofisi."

Nikamweleza kwamba tunaliita uhamishaji wa dharura usioratibiwa.

Mkurugenzi alipoisoma sura ya kwanza, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona mimi simo?"

"Kwani Mheshimiwa uliwahi kucheza raga?"

"Nilikuwa naelekea kucheza," akasema. "Andika kwamba mwasisi ni mimi. Yule mzee ni mwashi. Mwashi, mwasisi: maneno yanakaribiana, ndipo watu walipochanganyikiwa."

Hoja ilikuwa nzito. Nikarekebisha.

Tukakabiliwa na kikwazo cha kitaalamu. Kila nikiifunga sura ya mwisho, Jumamosi ikifika vijana wanacheza tena. Mara washinde, mara wafungwe, mara mtu ang'oke jino. Mkurugenzi alilitafakari suala hilo kwa kina, kisha akatoa mwongozo: jambo linaloendelea haliwezi kuwa na historia iliyokamilika. Kwa hiyo klabu ifungwe. Na ili isisahaulike, pale uwanjani pajengwe Kituo cha Kumbukumbu ya Raga, chenye ukumbi, maegesho ya magari ya wakubwa, na kijibustani ambamo wageni wataweza kukaa na kuwaza mechi.

Tuliitisha kikao cha kuwashirikisha wadau, yaani kuwaambia. Vijana walikaa chini, jasho likiwatiririka.

"Sasa sisi tutachezea wapi?" Mueni akauliza.

"Mtakumbukwa," Mkurugenzi akamjibu kwa upole.

"Tukumbukwe na tuko hapa?"

"Hilo ndilo tunalolishughulikia."

Tevin, ambaye shingo hana, kichwa kimepachikwa tu mabegani, aliinamisha macho akawa anang'oa majani. Sitaficha kwamba palikuwa na huzuni, nami niliipokea kama dalili ya uelewa. Ndipo nikawasomea jina la mwasisi. Wote wakamgeukia Mzee Mwambire. Yeye alilisugua goti lake, akamtazama Mkurugenzi kuanzia viatu hadi kipara.

"Sawa," akasema. "Kama ni yeye, ni yeye."

Nilifurahi kuona mzee anayefahamu taratibu.

Siku ya Mechi ya Kuhitimisha ikawadia. Wapinzani walitoka Kilifi, wanaume wenye vifua kama makabati. Kutoka makao makuu Nairobi alikuja Katibu, Bi. Abigael, aweke jiwe la msingi. Nyuma ya goli saruji ilikuwa imeshakorogwa, inangoja.

Mkurugenzi alishika kipaza sauti. "Enzi zangu," alisema, "nikiushika mpira, Shella nzima inafunga maduka. Nimeiasisi klabu hii kwa mikono hii. Na mpaka leo, Mama Katibu, damu ya raga inachemka!"

Watu walipiga makofi mengi kuliko nilivyopanga. Mchezo ulipoanza haukupita muda, mchezaji mmoja wa Muyeye akateguka bega, na wa akiba hakuwapo. Mueni akaja kwenye hema la wageni na jezi.

"Mheshimiwa, tumepungukiwa na mtu. Na wewe damu inachemka."

"Mwasisi! Mwasisi!" umati ukapokea.

"Nenda, Bwana Mkurugenzi," Katibu akasema, macho yakimng'aa. "Nisije nikakunyima raha yako kwa sababu ya itifaki."

Mkurugenzi aliniinamia sikioni. "Zuia."

"Kwa kifungu gani, Mheshimiwa?" nikauliza.

Aliivaa jezi juu ya shati, tai akaichomeka ndani. Akachagua kusimama nyuma kabisa, mbali na watu, bila kujua kwamba huko ndiko mipira mirefu huangukia. Wa kwanza ulipigwa, ukapaa, ukashuka moja kwa moja kifuani pake. Akaukumbatia. Kisha akainua macho akaona Kilifi inakuja.

Mkurugenzi alikimbia. Lazima niseme alikimbia vizuri, ingawa kuelekea kwake. Akavuka mstari wake, akapita goli, akawa anaelekea gari la serikali. Dereva alipoona kundi lile, akafunga milango. Jamaa mmoja wa Kilifi akamrukia miguuni kwa heshima zote, na kiongozi wa Idara akatua kwenye saruji kwa tumbo.

"Pole, Mheshimiwa," yule jamaa akasema, akimnyanyua.

Katibu alicheka hadi akashikilia nguzo ya hema. Alipotulia, akaniuliza: "Mliniambia klabu imekwisha. Imekwishaje na mwasisi wake bado anakimbia namna ile? Sifungi kitu. Uwanja ubaki. Na mwasisi aendelee kucheza msimu mzima, vijana wajifunze kwake."

Mkurugenzi alikuja mbio, saruji ikimdondoka kidevuni, akanyakua kipaza sauti.

"Mimi si mwasisi!" alipaza sauti, Muyeye nzima ikasikia. "Sijawahi kuucheza mchezo huu! Mwasisi ni yule mzee kwenye ndoo! Mwulizeni!"

Katibu akamgeukia Mzee Mwambire. Mzee alisimama polepole, akavua kofia.

"Mama Katibu," akasema, "Mheshimiwa ni mtu mnyenyekevu sana. Mwasisi ni yeye. Tulisomewa rasmi."

Nami, nikiwa mlinzi wa kumbukumbu, nikathibitisha.

Ofisi ya Mkurugenzi sasa huwa tupu kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Ukimtaka, nenda uwanjani. Utamsikia Mueni kabla hujamwona: "Magoti juu, Mheshimiwa! Hiyo si foleni ya chai!" Mzee Mwambire humpa maji, akampangusa mgongo. Kitambi kimeanza kumwacha. Juzi alimkaba Tevin kwa mara ya kwanza, akamng'ang'ania kiunoni kwa nguvu zake zote. Tevin hakuanguka. Lakini alisimama, akainama, akamwuliza kwa adabu kama kuna jambo analohitaji.