Ripoti ya Shemeji Lusubilo

Jumatatu, 15 Juni 1953

Barua ya ofisi kubwa ya Mbeya imefika hapa Iyula. Kali! Wanataka ripoti za kazi za watu wanane wa kudumu wa shamba, pamoja na yangu mimi karani, za mwaka jana na za mwaka huu, kabla Juni haijaisha. Asiye na ripoti hapati nyongeza ya mshahara. Bwana meneja akauliza zimefikia wapi. Nikamwambia zinakaribia kwisha. Hata moja sijaanza.

Na ningeanza kwa nini? Tangu watu wajue kwamba karani Rubeni ndiye mwandishi wa ripoti, maziwa sijanunua. Ndizi zinakuja zenyewe. Ripoti ikishaandikwa, nani atanisalimia kwa mikono miwili?

Mke wangu Ferista anataka nianze na kaka yake Lusubilo, anayeanika kahawa. Miaka miwili hajaongezwa kitu. Amesema mwaka huu akikosa tena, atavuka Tunduma aende machimbo ya shaba. Nikamjibu Ferista kwamba ofisi haianzi na ndugu. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Alhamisi, 18 Juni

Nimeanza. Wa kwanza Osea, fundi wa mashine ya kumenya kahawa, ambaye hajawahi kuniletea hata yai. Juzi nilimdokeza kwamba ripoti yake iko mahali pabaya. Akasema mashine inazunguka, mwenye macho ataiona. Jeuri! Nimeandika: mvivu, mkaidi, hafai.

Kisha nikafikiri. Wengine wakisifiwa, mimi nitaonekana nani? Nimewashusha wote. Yangu nimejiandikia mwenyewe, maana Bwana meneja hutia sahihi tu: mwaminifu, hodari, mwenye akili kupita kiasi. Nafasi haikutosha, nikaongeza karatasi. Ya Lusubilo nimeiacha iwe ya mwisho. Ndugu hakimbii.

Jumanne, 23 Juni

Msiba! Kumbe Bwana meneja anasoma. Akauliza kama wabovu wote hawa wako chini yangu. Nikasema kwa fahari kwamba ndiyo, wote nawaongoza mimi. Akauliza basi miaka miwili nilikuwa naongoza nini. Akaichana ripoti yangu pamoja na ile karatasi ya kuongeza. Za wengine niandike upya, ukweli mtupu. Jumamosi asubuhi gari linazipeleka Mbeya.

Ijumaa, 26 Juni

Osea amekuja na kigoda chake, akakaa mlangoni mwa ofisi mpaka nikamaliza ripoti yake. Wengine wakamwiga. Mkono umekufa ganzi. Kufika saa kumi na moja jioni ilibaki moja tu, ya Lusubilo.

Akaja mwenyewe, amemkumbatia kuku wake pekee anayetaga. Niliona aibu. Kidogo, si sana. Kuku nikampokea.

"Shemeji," akasema, "sikuombi unisifu. Andika ulichokiona tu."

Nilitaka kulia. Nikaapa kwamba yake itakuwa nzuri kuliko zote, na ripoti nzuri haiandikwi na mkono uliochoka. Nitaiandika kesho, kabla ya gari.

Jumamosi, 27 Juni

Gari limeondoka alfajiri na zile saba! Nilikuwa nimelala. Lusubilo akauliza kama ripoti yake imekwenda. Nikasema imekwenda.

Jumatatu, 13 Julai

Majibu yametoka. Saba wameongezwa, Osea kuwapita wote. Mimi sina ripoti, sina nyongeza. Lusubilo vilevile. Nikamwambia watu wa Mbeya ni wazembe. Akaenda kumuuliza Bwana meneja, akaambiwa haikuwahi kufika, akarudi, akanipita kama nguzo. Heri angenitukana.

Jumatano, 15 Julai

Ameondoka na lori la Tunduma, na blanketi moja. Mkewe Loisi na watoto watatu wamehamia kwetu. Mdogo hanyamazi, anamtaka baba yake. Ferista ananipakulia chakula bila kuniangalia. Jirani yetu Fanueli alikwenda machimbo yaleyale mwaka arobaini na tisa. Kwao ilirudi barua tu, ya kuwaambia alikozikwa.

Alhamisi, 16 Julai

Bahati! Bwana meneja amesema Lusubilo akirudi kabla ya Jumapili, kazi yake ipo na nyongeza yake ipo. Bado yuko Tunduma kwa binamu yake, anangoja gari la machimbo, na hilo linaondoka keshokutwa. Kwa neno la mdomo hatarudi, ameshaambiwa mengi. Kwa hiyo Bwana meneja amenipa karatasi yenye sahihi yake, mimi nijaze maneno. Lori la shamba litaipeleka Tunduma kesho alfajiri.

Loisi ameketi sakafuni, mtoto mgongoni, ananitazama mkono. Ferista amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Iandike sasa hivi," amesema.

Wanawake hawajui kazi ya ofisi! Barua ya namna hii inataka kichwa kilichotulia, na pia ionyeshe vizuri kwamba wazo lilikuwa langu. Wino upo. Karatasi nimeinyoosha mezani. Nimewaambia wakalale, nitaiandika asubuhi.