Kiti cha Pili Kimekatwa kwa Kipimo cha Nani?

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Magari,
Ofisi ya Ukaguzi, Dirisha la Pili.

Ndugu Mkaguzi,

YAH: OMBI LA KULIKATAA GARI LA MUME WANGU SIKU YA JUMANNE

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani pako, pamoja na heshima ninayompa kila mtu anayeshika muhuri. Mimi ni mwokaji wa keki, mtaa mzima unaniita Mama Keki, na ni mke halali wa yule fundi cherehani aliyewaletea mwezi uliopita gari dogo jekundu alilolitengeneza mwenyewe nyumbani, mkalirudisha kwa sababu ya taa moja ya nyuma na honi. Taa ameshaifunga. Honi sasa inalia mpaka mama mkwe anaitikia. Jumanne atalileta tena, na nasikia safari hii mnakusudia kulipitisha. Naandika kuomba msilipitishe. Najua ofisi yako hupokea barua za watu wanaoomba magari yao yapite. Hii ni ya aina nyingine, kwa hiyo naomba uisome ukiwa umekaa.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasigombanie nafasi.

1. Gari hilo limetoka ndani ya gari langu. Langu lilikuwa jeupe, la milango minne, na kadi yake ina jina langu mpaka leo. Nililitumia kupeleka keki kwa wateja. Keki ya harusi ya ghorofa tano ilikaa kiti cha nyuma ikiwa imefungwa mkanda, ikafika bila kupoteza hata ua moja. Miaka sita iliyopita mume wangu aliliazima kwa wiki mbili, akisema kuna kitu anataka kukiangalia chini ya boneti. Kitu hicho kilikuwa injini, giaboksi, ekseli mbili, usukani, breki na rejeta, na vyote alivitoa nje ili avione vizuri. Tangu siku hiyo keki zangu zinakwenda kwa miguu. Bodi iliyobaki iko uani. Mama mkwe anahifadhi vitunguu ndani yake, na akitaka kitunguu hufungua mlango wa dereva, huchagua, kisha huubamiza mlango kama mtu aliyefika safari.

2. Mume wangu hajui kutengeneza gari. Anajua kushona, kwa hiyo amelishona. Mabomba ya fremu alimpa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, lakini kila bati alilichora mwenyewe kwa chaki ya kitambaa na kuliachia pindo la inchi moja, endapo gari litakua. Faibaglasi aliitandaza tabaka kwa tabaka kama bitana ya koti, akaipaka gundi yake kwa brashi yangu ya kupakia siagi, ambayo sijaidai tena. Karakana ni chumba kile kile cha kushonea. Suruali za wateja zilitoka humo na grisi, na bibi harusi mmoja aliingia ukumbini ananukia duka la rangi. Hayo niliyavumilia. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake. Mimi nilipenda boga, nikaletewa na giaboksi.

3. Gari langu lilikuwa na viti vya watu watano. Hili lina viti viwili. Nyumbani tuko watano: yeye, mimi, mama yake na mabinti zetu wawili. Kiti kimoja ni cha dereva, hakina mgogoro. Cha pili kilizua maneno. Mama mkwe alisema aliyebebwa mgongoni miaka miwili anajua deni lake. Binti mkubwa alisema ndiye aliyeshika tochi tangu fremu ikiwa mifupa. Mdogo alianza kuacha mkoba wake wa shule kwenye kiti hicho kila akirudi, kama watu wanavyoweka mtandio kuzuia nafasi. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani jibu linajulikana. Mume wangu alipobanwa atoe uamuzi alitabasamu, akatia uzi kwenye sindano. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo niliusikia wiki tatu baadaye.

4. Nilikuwa natafuta mkasi kwenye droo ya cherehani. Nikakuta karatasi imebanwa kwa pini kwenye ruwaza ya kukatia ngozi ya kiti, kwa mwandiko wake: "Kiti cha abiria. Bega kwa bega 15. Kiuno 26. Nyonga 36." Ndugu Mkaguzi, mimi kazi yangu ni mizani. Uzito wa yai naujua kwa kulishika tu, na mwili wangu naujua bila msaada wa karatasi. Vipimo vile si vyangu, wala si vya mtu yeyote anayeonja krimu kila siku kwa ajili ya wateja. Si vya mama mkwe, ambaye upana wake unalingana na heshima yake. Si vya mabinti: mmoja ni mwembamba kama ngazi, na mwingine bado hajapata nyonga. Basi kuna mwanamke. Ana kiuno cha inchi ishirini na sita, na mume wangu amemshonea kiti cha ngozi kwa mishono miwili miwili, sambamba, bila hata uzi mmoja kupinda. Mimi hajanishonea hata aproni kwa miaka mingi. Anashonea mji mzima, na utepe wake wa kupimia umezunguka kila mtu isipokuwa mimi. Naumia. Nimeliandika neno hilo hapa kwa sababu kwenye fomu yenu sikuona nafasi yake.

5. Sikutaka kumsingizia mtu, kwa hiyo nilifanya uchunguzi wa kitaalamu. Niliwakaribisha wanawake wa mtaani mmoja mmoja waje kuonja keki, na kila aliyekuja nilimkalisha kwenye kiti cha mbao nilichokinyunyizia unga wa ngano, uliochekechwa mara mbili. Mgeni akiinuka na kuaga, mimi huzungushia alama uzi, kisha huupima uzi. Muuza vitambaa alitoa inchi arobaini na mbili. Mwenye saluni, arobaini. Nesi wa zahanati alikataa kukaa, akala keki amesimama, nikamwandika mshukiwa mkuu kwa siku nne mpaka nilipoambiwa ana jipu. Mwalimu wa hesabu wa binti yangu aliondoka na unga kwenye sketi nyeusi, akaingia nao darasani, na sasa hanijibu salamu. Aliyekaribia kuliko wote ni fundi wa kuchomelea, aliyepita kuomba maji akakaa bila kualikwa. Alitoa thelathini na sita kamili. Nilimtafakari jioni nzima, nikakumbuka kiuno chake, nikamwachia huru.

6. Sasa naomba unifuate taratibu. Kama mwanamke huyo hayumo mtaani, yuko mbali. Kama yuko mbali, gari ni la safari ndefu, na kweli tangi la mafuta linaingia lita hamsini, ambazo mtu hajazi ili aende kununua vifungo. Isitoshe, gia ya kurudi nyuma haiingii. Mume wangu anasema ni fimbo ya gia tu, ataikaza kabla ya Jumanne. Mimi nasema mtu anayetengeneza gari lisilorudi nyuma hana mpango wa kurudi. Nashangaa kwamba wataalamu wako waliiona taa, wakaisikia honi, kisha wakalisukuma gari kwa mikono kulitoa getini huku wakicheka, wala hawakuuliza linakwenda wapi.

7. Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Jumanne mlikatae gari kwa kosa la kiti.

(b) Ikiwa sheria haina kosa hilo, liongezwe. Injini ina namba yake, fremu ina namba yake. Sioni kwa nini kiti cha abiria kisiwe na kibati chenye jina la aliyepimiwa.

(c) Ikishindikana, injini, giaboksi, ekseli, usukani, breki na rejeta virudishwe kwenye gari langu jeupe siku hiyo hiyo. Vitunguu nitavihamisha mwenyewe.

(d) Na kwa kuwa mume wangu kwa miaka sita amelala chini ya vifaa hivyo kuliko alivyokaa sebuleni kwangu, na grisi yao haitoki tena kwenye kucha zake, naomba naye aandikwe kwenye orodha kama kifaa kilichotoka kwenye gari langu, arudishwe pamoja na vingine.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana sikukuficha kitu. Ukigonga muhuri ule, Jumanne mchana mume wangu ataondoka na mwenye kiuno, na mimi nitabaki uani na bodi ya vitunguu. Simwombei mabaya. Kazi yake ni nzuri, mishono naijua nikiiona. Nataka tu asiende.

Nisalimie mlinzi wa geti, vijana wote waliolisukuma gari, na mama watoto wako. Nisalimie pia yule karani wa dirisha la pili aliyemwambia mume wangu kwamba ana mikono ya dhahabu, na kama haitamkwaza, unitumie kipimo cha kiuno chake.

Ni mimi, ninayeutegemea muhuri wako ukae ndani ya droo,

Mama Keki,
Mwenye kadi ya gari.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliona si haki kukishtaki kiti ambacho sijakikalia. Nikaenda karakana, nikafungua mlango, nikakaa. Kiti kilinikataa nyongani. Nikasukuma, kikakubali. Mgongo nao ukaegemea, na hapo nikaacha kusukuma, kwa sababu upande wa bega la kushoto sponji imechongwa kishimo kidogo ambacho huwezi kukiona kwa macho. Bega langu la kushoto limeshuka tangu usichana wangu, kwa kubeba trei za mikate ya marehemu mama. Ukinitazama hulioni. Anayelijua ni mtu mmoja tu, aliyenishonea gauni mwaka tuliochumbiana akalitia pamba kwa ndani ili nisimame sawa, wala hakuniambia, niliigundua siku ya kulifua.

Mume wangu alinikuta humo. Nilimpa ile karatasi, nikamuuliza vipimo ni vya nani. Aliipokea, akaigeuza huku na huku, akaona swali halina maana.

"Ni vyako," akasema. "Nimevitoa kwenye daftari, ukurasa wa gauni lako la kwanza. Mteja wa kudumu hapimwi mara mbili."

Ndugu Mkaguzi, naomba yote ya juu uyachukulie kuwa hayakuandikwa, isipokuwa ile ya unga, ambayo nitakwenda kumwomba radhi mwalimu mwenyewe. Gari lipite. Hata mkilikuta halirudi nyuma, lipitisheni, tutakuwa tunazunguka. Nyongeza hii naiandika kwa penseli yake, karatasi ikiwa juu ya goti, maana kuingia niliweza na kutoka kumenishinda. Alitaka kwenda kuleta spana akifungue kiti, tutoke pamoja, mimi na kiti. Nimemwambia spana isubiri, alete kwanza utepe.